Namna ya kuandaa karamu ya fumbo la mauaji la miaka ya 1920

Kila ninapomaliza kuandaa karamu ya namna hii, hakosi mgeni wa kunivuta pembeni, unyoya bado uko kichwani, aniulize yale yale: hadithi unaitoa wapi, watu wawe wangapi, muuaji anajijua au hajijui, na wenye haya unawafanyaje. Nimejibu kwa mdomo mara nyingi. Leo nayaandika yote, ili anayetaka kuandaa ya kwake ajue pa kuanzia.

Kwa ambaye hajawahi kuhudhuria: huu ni mchezo wa jioni moja. Kila mgeni anapewa mhusika wa kuigiza. Mtu mmoja katika hadithi ameuawa, muuaji yumo miongoni mwa wageni, na kazi ya wote ni kumtambua kabla usiku haujaisha. Watu huvaa mavazi ya zama za hadithi. Mimi napenda miaka ya 1920, na mifano yote hapa ni ya zama hizo, lakini ukichagua miaka ya 1950 hatua ni zile zile.

Wanaoanza huanzia kwenye mapambo. Mapambo yana raha yake, na nitayafikia. Ila karamu nyingi za aina hii zimenifia mbele ya macho, au nimeziona zikifa kwa wengine, kwa sababu moja: mgeni amesimama na glasi mkononi, amependeza, na hana sababu ya kumfuata mtu yeyote. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na kila hatua hapa chini inaitumikia: kila mgeni ashike kitu ambacho mwenzake anakihitaji, na yeye ahitaji kitu kilicho kwa mwenzake.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Wageni 8. Unaweza kushuka hadi 6 au kupanda hadi 12, lakini mara ya kwanza baki na 8.
- Wewe mwenyewe, kama mwenyeji asiyecheza. Huwezi kushukiwa na huku unaendesha mchezo.
- Sebule moja, na chumba kidogo au hata kona ya korido kwa wanaotaka kunong'ona.
- Bahasha 24, yaani 3 kwa kila mgeni, moja kwa kila raundi.
- Karatasi nzito kidogo, majani ya chai, na printa au mwandiko wako mzuri.
- Daftari dogo na penseli kwa kila mtu. Usiruhusu simu zitumike kuandikia, kwani anayeshika simu huondoka karamuni bila kuondoka kitini.
- Kadi za kubandika kifuani.
- Kengele ndogo ya mkononi.
- Spika na muziki wa jazi wa zama hizo.
- Muda: wiki 3 hadi 4 za maandalizi, na saa 3 za mchezo wenyewe.

Unaweza pia kununua fumbo lililokwisha kuandikwa. Si aibu, na kama una siku 5 tu, fanya hivyo kisha ruka hadi hatua ya 5. Lakini fumbo la kuandika mwenyewe huwafaa wageni wako kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo.

Hatua ya 1: Chagua mwaka mmoja na mahali pamoja

Usiseme tu "zamani". Sema 1926, Chicago, baa ya siri iliyofichwa chini ya duka la maua. Ukishataja mwaka, maswali mengi yanajijibu: watu walivaa nini, walisikiliza nini, walificha nini.

Miaka hiyo inafaa kwa fumbo kwa sababu Marekani ilikuwa imepiga marufuku kutengeneza, kusafirisha na kuuza pombe kuanzia Januari 1920, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka Desemba 1933. Kwa hiyo kila aliyemo ndani ya baa ya siri ana jambo la kuficha hata kabla ya mtu kufa. Mwenye baa anavunja sheria, dereva wake anavunja sheria, na daktari aliyekaa kaunta naye ana lake: sheria iliwaruhusu madaktari kuandika pombe kama dawa, na wapo walioigeuza ruhusa hiyo kuwa biashara. Hadithi imejaa washukiwa bila wewe kutoa jasho.

Hatua ya 2: Anza na muuaji, kisha rudi nyuma

Usiandike hadithi kutoka mwanzo. Andika mwisho kwanza, kwenye karatasi moja ambayo hakuna mwingine atakayeiona. Jibu maswali manne: nani kaua, kwa nini, kwa namna gani, na amedanganya nini.

Swali la nne ndilo roho ya fumbo. Muuaji awe na uongo mmoja, ulio wazi, ambao unaweza kuvunjwa kwa kufikiri. Nikupe mfano ninaoupenda kuliko yote niliyowahi kutumia, uuchukue kama ulivyo.

Mwenye Baa amekutwa amekufa ofisini mwake saa 4 kamili usiku. Amepigwa kichwani na lile jiwe zito la kioo la kukandamizia karatasi, na chupa ya wino imemwagika mezani. Muuaji ni Mhasibu, aliyekuwa akiiba kidogo kidogo kupitia vitabu vya hesabu. Maelezo yake ni haya: "Tangu saa 3:45 hadi saa 4 nilikaa chumba cha nyuma nikisikiliza santuri. Sahani moja ile ile. Sikuinuka kitini, wala muziki haukukatika."

Sasa, sahani ya santuri ya kawaida wakati huo, ile ya inchi 10 inayozunguka mara 78 kwa dakika, ilibeba muziki wa kama dakika 3 kila upande. Zikiisha, mtu ainuke, ainue sindano, ageuze sahani, na asisahau kuzungusha mkono wa mashine ili springi ijae tena. Robo saa ya muziki usiokatika, bila mtu kuinuka, haiwezekani. Mhasibu hakuwepo chumbani.

Uongo wa namna hii una sifa tatu unazozitafuta: unatokana na zama zenyewe, hauhitaji utaalamu, na mtu akiugundua anaweza kuueleza kwa sentensi moja mbele ya wenzake.

Hatua ya 3: Wape wahusika kazi, usiwape majina marefu

Kosa nililolifanya zaidi ya mara moja ni kubuni majina ya kifahari. Nusu ya jioni ilipita watu wakiulizana "huyu ni nani tena?" Siku hizi kila mhusika anaitwa kwa kazi yake, na kazi hiyo imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kadi ya kifuani: Mwimbaji, Mhasibu, Daktari, Mpiga Picha, Mke wa Marehemu, Mwandishi wa Gazeti, Dereva, Mpiga Piano. Hao wanane wanatosha.

Kila mmoja aandikiwe mambo manne:

- Wewe ni nani na marehemu alikuwa nani kwako. Sentensi mbili.
- Siri yako, isiyohusiana na mauaji lakini inayokufanya ushukiwe.
- Unachokijua kuhusu mtu mwingine.
- Unachokitafuta usiku huu, na kiko kwa nani.

Kadi ya Daktari, kwa mfano, naiandika hivi: "Wewe ni Daktari. Umekuwa ukija hapa kila Ijumaa kwa miaka 2. Siri: unauza vyeti vya pombe ya dawa kwa watu wenye afya njema kabisa, na marehemu alikuwa na orodha ya majina yao. Unajua: Mpiga Piano alikuwa na deni kubwa kwa marehemu, kwa sababu alikuomba umkopeshe. Unatafuta: ile orodha. Unaamini Mke wa Marehemu anayo."

Ona kilichotokea. Daktari hahitaji kuwa mwigizaji. Akiingia tu, ana mtu wa kumfuata (Mke wa Marehemu) na umbea wa kubeba (deni la Mpiga Piano). Hapo ndipo wenye haya wanapookoka. Mtu mwenye haya hawezi kusimama katikati ya sebule ajitambulishe kwa mbwembwe, lakini anaweza vizuri sana kumsogelea mtu mmoja na kumwuliza, "Samahani, mama, ile orodha iko wapi?"

Kadi isizidi nusu ukurasa. Ikizidi, watu hawaisomi, wanaibeba tu.

Nani awe muuaji? Usimpe yule mchangamfu kuliko wote, kwani kila mtu atamshuku kwa mazoea. Usimpe pia aliye kimya kabisa. Mpe mtu wa katikati, anayeweza kutazama watu usoni akasema jambo lisilo kweli. Nami naona muuaji ajijue tangu bahasha ya kwanza. Wapo wanaopenda hata muuaji asijue mpaka mwisho, ila kwa namna hiyo hakuna anayejitetea, na fumbo lisilo na mtu wa kujitetea linapoa haraka.

Hatua ya 4: Tawanya vidokezo, vitatu kwa kila jambo

Wageni wako wanahitaji kugundua mambo matatu: sababu ya Mhasibu kuua, kwamba alipita ofisini, na kwamba maelezo yake ni ya uongo. Kwa kila jambo weka vidokezo 3 tofauti, kwa watu 3 tofauti. Kimoja kitapotea. Kingine kitaeleweka vibaya. Cha tatu kitafika.

Kwa ule uongo wa santuri mimi huviweka hivi. Mpiga Picha ana tangazo lililokatwa gazetini, la duka la santuri nililolibuni, linalojisifu: "Dakika tatu kamili za muziki kila upande!" Mwimbaji, aliyekuwa akibadili nguo chumba cha jirani, anakumbuka wimbo uliisha, kisha akasikia sindano ikikwaruza peke yake kwa muda mrefu. Na mezani, wazi kwa kila mtu, kuna mchoro wa vyumba unaoonyesha chumba cha nyuma, kiti kimoja, mashine moja, na maneno "sahani 1".

Sababu nayo: Mke wa Marehemu ana barua ya mumewe isemayo mkaguzi wa hesabu anakuja Jumatatu, Mwandishi wa Gazeti ana kurasa mbili za hesabu zisizolingana, Dereva anajua Mhasibu amelipia gari jipya taslimu. Kupita ofisini: wino kwenye mkono wa shati la Mhasibu, ambao mtu mmoja aliuona, mwingine alisikia akiulizia sabuni, na wa tatu amekuta kitambaa chenye doa.

Mwaka 1930 waandishi wa hadithi za upelelezi wa Uingereza waliunda chama chao London, Detection Club, na mwanachama aliapa kutomficha msomaji kidokezo muhimu. Kiapo hicho kinakuhusu na wewe. Ukiwaambia wageni mwishoni kwamba muuaji alikuwa na pacha ambaye hakutajwa popote, hawatakuja tena, na watakuwa na haki.

Ukimaliza, mpe rafiki mmoja asiyealikwa kadi zote azisome. Mwulize nani kaua. Akikosa kabisa, ongeza kidokezo. Akijibu baada ya kadi ya pili, punguza.

Hatua ya 5: Tengeneza karatasi za zamani

Chemsha majani mengi ya chai, iache ipoe, chovya karatasi dakika 5, zianike juu ya taulo. Zikikauka, zinyooshe kwa pasi ya moto mdogo.

Tahadhari: chovya kwanza, chapisha baadaye. Printa nyingi za nyumbani hutumia wino unaoyeyuka kwenye maji, na barua uliyoichapa kisha ukaichovya itatoka kama bahari ya buluu.

Tahadhari ya pili, na hapa wengi wanapitiliza: barua iliyoandikwa "jana" ndani ya hadithi haipaswi kuonekana na umri wa miaka mia. Rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai kidogo inatosha. Kingo za kuunguza kwa kiberiti ziachie ramani za hazina za watoto. Ni hatari, na hakuna mhasibu wa 1926 aliyekuwa akiunguza vitabu vyake kwa urembo.

Maandishi nayo. Herufi za Arial zimekuja mwaka 1982, na Times New Roman ilianza kutumika katika gazeti la The Times la London mwaka 1932. Tafuta fonti inayofanana na taipureta. Ukiandika kwa mkono, tumia kalamu ya wino au penseli, usitumie bolpeni: hataza ya László Bíró, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wake wa kalamu hiyo, ilikuwa ya mwaka 1938. (Ukiweka karamu yako mwaka 1949, hapo hapo una fumbo jingine: wosia wenye tarehe ya 1927 ulioandikwa kwa bolpeni ni wa kughushi.)

Hatua ya 6: Tuma mialiko na mwongozo wa mavazi

Tuma mwaliko wiki 3 kabla. Mhusika mtumie siku 10 kabla, ukimpa sehemu ya "wewe ni nani" tu. Siri na mengine yabaki kwenye bahasha za usiku huo.

Katika mwaliko uliza swali moja la upole: je, kuna jambo katika hadithi ya kifo ambalo lingekuumiza kwa sasa? Aliyefiwa karibuni anaweza kutaka kupumzika safari hii, au kuja kukusaidia upande wa mwenyeji. Ni afadhali ujue mapema.

Mavazi: waambie watu watumie walivyonavyo. Gauni lililonyooka lisilobana kiuno, mkanda ukiwa chini nyongani, mkufu mrefu wa lulu za bandia, kitambaa cha kufunga paji la uso na unyoya mmoja. Kofia inayobana kichwa kama kengele, kwa mwenye nayo. Suti yenye kizibao, tai ya kipepeo, suspenda, nywele zilizolazwa kwa mafuta. Kila mhusika aongezewe kifaa kimoja tu cha kumtambulisha: Mhasibu miwani, Mpiga Picha kamera, Dereva glavu. Mtu akivaa kama mtu wa zama, inatosha. Asivae kama taifa au rangi ya watu wengine.

Hatua ya 7: Andaa chumba

Hapa ni haraka. Zima taa kubwa ya dari, washa taa ndogo za mwanga wa njano pembeni. Vinywaji vyote, hata juisi, vitoke kwenye vikombe vya chai, kana kwamba polisi wanaweza kuingia wakati wowote. Mlangoni weka neno la siri ambalo liliandikwa kwenye mwaliko. Asiyelikumbuka aachwe nje sekunde kumi, kisha umnong'oneze. Mgeni aliyepita kwenye neno la siri huingia akiwa tayari ni mhusika.

Chakula kiwe cha kuliwa kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono mwingine una bahasha. Muziki uwe wa chini kiasi kwamba watu wawili wananong'ona na wanasikizana.

Tahadhari: mishumaa halisi haipatani na manyoya, matamvua na karatasi. Tumia ya betri. Bastola za kuchezea zinazofanana na halisi usizilete kabisa. Damu ya bandia ya sharubati na rangi ya chakula haitoki kwenye zulia. Kama lazima iwepo, iwe kwenye kitambaa chako mwenyewe, ndani ya mfuko wa plastiki wenye lebo "USHAHIDI".

Hatua ya 8: Endesha raundi tatu

Wakishafika wote, eleza kanuni kwa dakika 3, usizidishe:

1. Ukiulizwa moja kwa moja jambo lililo kwenye kadi yako, unaweza kukwepa au kuomba malipo ya habari nyingine, lakini usidanganye. Muuaji peke yake anaruhusiwa kudanganya.
2. Hakuna kuonyeshana kadi. Kusema tu. Vitu vilivyoandikwa "ONYESHA", kama barua na tangazo, ndivyo vinavyoweza kupita mkono kwa mkono.
3. Hakuna kumwuliza mtu "wewe ndiye uliyeua?" mpaka wakati wa kura.

Raundi ya kwanza, dakika 30: toa bahasha ya kwanza, yenye siri, lile analolijua na lile analolitafuta. Watu wazunguke, wanywe, waumbuane. Marehemu bado "yuko ofisini kwake". Mwishoni zima taa sekunde tano, piga kengele, washa, tangaza kifo. Soma maelezo ya mwili ulivyokutwa kwa sauti, mara mbili.

Raundi ya pili, dakika 45, pamoja na chakula: bahasha ya pili ina kila mtu alikuwa wapi saa 3:45 hadi saa 4, na kidokezo kimoja. Mhasibu anasema lile la santuri mbele ya wote. Hii ndiyo raundi ndefu, iache ipumue. Usikimbilie kengele kwa sababu umeona kimya. Wakati mwingine kimya ni watu wakifikiri.

Raundi ya tatu, dakika 30: vidokezo vilivyobaki. Hapa kasi hupanda yenyewe.

Kuna dakika moja ambayo naisubiri kila mara. Safari moja Mpiga Picha alikuwa dada mmoja mpole, aliyekuwa na lile tangazo la santuri mkononi tangu raundi ya pili na kulifanya pedi ya kikombe chake. Mwimbaji alipomwambia habari ya sindano iliyokuwa ikikwaruza, aliinua kikombe, akasoma duara la chai lililozunguka maneno "dakika tatu", akahesabu kwa vidole. Moja, mbili, tatu. Kisha akageuka polepole kumtazama Mhasibu, aliyekuwa ng'ambo ya chumba akicheka na watu. Hakusema kitu. Alifungua daftari akaandika mstari mmoja. Nilikuwa na trei mkononi, nikasahau nilikokuwa naipeleka.

Hatua ya 9: Kura na ufichuzi

Kila mgeni aandike mambo matatu kwenye kipande cha karatasi, kwa siri: nani, kwa nini, na uongo wake ni upi. Bila lile la tatu watu hubahatisha tu. Kusanya, kisha mwombe kila mtu aseme kwa sentensi moja anamshuku nani. Muuaji naye amtaje mtu.

Baada ya hapo mwambie muuaji asimame. Mpe yeye nafasi ya kusimulia alivyofanya; usimnyang'anye kwa kusoma karatasi yako. Wewe ongeza tu vidokezo vilikuwa wapi, ili aliyekosa aone kwamba vilikuwepo. Zawadi mbili zinatosha, ya mpelelezi na ya vazi. Muuaji akiponyoka bila kutajwa na zaidi ya nusu ya wageni, zawadi ya kwanza ni yake.

Mambo yakikwama

Mgeni ameghairi saa mbili kabla. Ndiyo maana vidokezo ni vitatu. Vidokezo vyake viweke mezani kama "vitu vilivyokutwa kwenye koti la Dereva, ambaye ametoroka". Kama aliyeghairi ndiye Mhasibu, mpe mtu mwingine kadi hiyo na utorokeshe mhusika wake yeye. Kwa sababu hii usichapishe kadi za kifuani mpaka siku yenyewe.

Kidokezo kimeganda. Mtu anaficha barua mfukoni akidhani ndiyo ushindi wake. Mnong'oneze kwamba mhusika wake atafaidika akiibadilisha kwa kitu kingine, na umwambie kwa nani. Ikishindikana, "mjumbe" analeta nakala mezani.

Mmoja anatawala mazungumzo. Usimnyamazishe mbele za watu. Mwite pembeni, umpe kazi: "Mwandishi, nenda ukamhoji Mpiga Piano chumba cha pili, dakika kumi." Atafurahi, na sebule itapumua.

Wote wamekwama. Kuwa na bahasha 2 za akiba zenye msukumo mdogo, kwa mfano ujumbe wa simu: "Kuna aliyekagua ile sahani ya santuri?" Toa moja, subiri dakika kumi kabla ya kutoa ya pili.

Wamegundua mapema mno. Kama ni mmoja, mwombe aandike jibu, alifunge kwenye bahasha na kuliweka mezani, kisha aendelee kucheza kwa kutafuta siri za wengine. Kama ni wote, piga kengele, nenda kwenye kura. Karamu ya saa mbili iliyonoga ni bora kuliko ya saa tatu inayoburutwa.

Muuaji amejisema kwa bahati mbaya. Hutokea, hasa kwa wenye roho nyeupe. Usisimamishe mchezo. Waliosikia huwa ni mmoja au wawili. Waambie kujua si kuthibitisha, na kura inadai sababu na uongo pia.

Watu ni 14. Weka wawili wawili kwa mhusika mmoja, wakishirikiana kadi. Wasiopenda kuigiza watakushukuru.

Kabla wageni hawajaondoka, kusanya bahasha, barua na kadi zote, uhesabu. Hifadhi seti nzima kwenye boksi moja pamoja na ile karatasi ya hatua ya 2, na uandike juu yake ni nani wamekwisha kuicheza. Kundi jingine litaihitaji, na lile tangazo lenye duara la chai nimeliacha vile vile.